Matembezi ya Siku Moja kwa Pikipiki: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni ya mtu mwenye pikipiki na siku moja ya mapumziko, anayetaka kutoka asubuhi, kuona nchi, na kurudi kabla ya giza. Utaona ninarudia sana kusimama. Nimefanya hivyo makusudi, maana wengi wanaorudi na uchovu mtupu wamekosa hilo tu.

Niende umbali gani kwa siku moja?

Hesabu saa kwanza, kilomita zitafuata. Barabara kuu iliyonyooka inaweza kukupa wastani wa kilomita 80 kwa saa, lakini huko utatazama zaidi migongo ya malori. Kwenye barabara ya milimani yenye kona nyingi, ukijumlisha mafuta, maji, picha na kunyoosha miguu, wastani huo unashuka hadi 40 hivi. Kwa hiyo saa sita kati ya kutoka na kurudi ni kama kilomita 240, na hizo ni nyingi kwa asiyezoea. Anayeanza atosheke na 120 hadi 150.

Kisha weka saa ya kugeuza. Ukitoka saa 1 asubuhi na ukataka kufika nyumbani saa 11 jioni, saa 6 mchana unageuza, hata kama kilele ulichokikusudia kinaonekana kwa macho. Hili linawauma watu, nalielewa. Lakini safari ya kurudi inafanywa na mwili uliochoka, na anayejua ana muda wa kutosha hapiti magari ovyo.

Natazamaje mandhari huku naendesha?

Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, pikipiki inakata mita 22 kila sekunde. Ukigeuza kichwa kutazama ziwa kwa sekunde mbili, umepita mita 44 bila kuiona barabara. Katika mita hizo mbwa anaweza kuvuka, gari likatokea njia ya pembeni, au lami ikaisha na changarawe ikaanza.

Kuna jambo la pili ambalo wageni wa pikipiki hawaambiwi mapema: pikipiki hufuata macho. Ukilikazia macho shimo, utaingia humo humo. Ukilikazia bonde lililo kushoto kwako, mabega yanageuka kidogo, mkono unausukuma usukani bila wewe kujua, na unajikuta unahamia ukingoni. Hata aliyeendesha miaka mingi hufanyiwa hivyo na mwili wake. Uzuri wa bonde ndio unaolifanya liwe hatari, kwa sababu jicho halitaki kubanduka.

Kwa hiyo mandhari inatazamwa kwa namna tatu. Ya kwanza ni kwa pembe ya jicho. Inua kidevu, tazama mbali kadiri barabara inavyoonekana, usikikazie kitu kimoja, na utashangaa jinsi milima na mashamba yanavyoingia yenyewe. Ya pili ni kutupa jicho: barabara imenyooka, hakuna gari mbele wala nyuma, hakuna njia panda karibu, basi unatupa jicho pembeni na kulirudisha kabla ya sekunde kuisha. Ya tatu, ambayo naipenda kuliko zote, ni kusimama, kuzima injini, kuvua helmeti na kutazama mpaka utosheke. Mambo makubwa yote, kama maporomoko, bonde zima au mji unaoonekana kutoka juu, yawekee namna hii ya tatu.

Mwendo nao upungue. Umbali unaohitajika kusimama kwa breki hukua kwa mraba wa mwendo: mwendo ukiwa maradufu, umbali unakuwa mara nne. Ukishuka kutoka 80 hadi 60 tu, umbali huo unapungua kwa karibu nusu, na papo hapo macho yako yanapata nafasi ya kuona zaidi ya lami. Mwendo unaokulinda ndio huo huo unaokuonyesha nchi. Waliobuni barabara ya Blue Ridge Parkway huko Marekani walilizingatia hili. Ina urefu wa kilomita 755, ujenzi wake ulianza mwaka 1935 na kukamilika 1987, na ilikusudiwa watu watazame milima. Mwendo wa juu unaoruhusiwa ni kilomita 72 hivi kwa saa, magari ya kibiashara ya mizigo hayaruhusiwi, na njia nzima ina maegesho ya kutazamia mandhari. Ni miongoni mwa barabara zinazopendwa sana na waendesha pikipiki, na naamini mwendo huo mdogo umechangia.

Kona nyingi zinanitisha. Nifanyeje?

Tazama pale kingo mbili za barabara zinapoonekana kukutana mbele. Mahali hapo pakikusogelea, kona inakaza, punguza mwendo. Pakikukimbia, kona inafunguka, ongeza mafuta taratibu. Breki na gia zimalizane kabla hujaingia, na ukiwa ndani ya kona mkono wa mafuta utulie. Kuilaza pikipiki ni rahisi kuliko inavyodhaniwa: kwa kona ya kulia, sukuma kidogo mkono wa kulia wa usukani kwenda mbele, nayo italala kulia.

Jambo moja ambalo halionekani ukiwa juu ya kiti: unapolala kuelekea katikati ya barabara, tairi linaweza kuwa ndani ya upande wako huku kichwa na bega vimeshavuka mstari wa kati. Gari linalokuja halitajali tairi lako liko wapi. Acha nafasi.

Ni saa ngapi nzuri za kuwa njiani?

Asubuhi mapema na alasiri. Jua la utosini hulaza rangi zote na kufuta vivuli vinavyoipa milima umbo lake, kwa hiyo mchana ule chakula na upumzike.

Kabla ya kuchagua njia, chagua mwelekeo wa jua. Ukiweza, asubuhi elekea magharibi na jioni rudi ukielekea mashariki. Kwa njia hiyo jua linakuwa mgongoni kwenda na kurudi, nchi iliyo mbele yako inang'aa, na hukunji uso njia nzima. Lakini faida hiyo ina deni lake. Kivuli chako kikiwa kirefu, kimelala mbele ya gurudumu, jua liko mgongoni mwako, maana yake dereva anayekuja upande wa pili analo machoni. Hakuoni. Kila njia panda ichukulie kwamba hujaonekana, weka vidole kwenye breki, na washa taa ya mbele.

Kutoonekana si jambo la jioni pekee. Uchunguzi wa Harry Hurt, mtafiti wa ajali za pikipiki, uliotolewa mwaka 1981, ambao wataalamu wake walikwenda kwenye maeneo ya ajali zaidi ya 900 huko Los Angeles, ulionyesha kwamba katika takriban theluthi mbili ya ajali za pikipiki na magari mengine, mwenye gari ndiye aliyemnyima mwendesha pikipiki haki yake ya njia. Wengi wao walisema hawakumwona.

Kwa nini nisitumie gari tu, nitazame kwa starehe?

Gari lina starehe zake. Ila ndani ya gari hali ya hewa ni moja, mlango hadi mlango. Juu ya pikipiki unaipita nchi na ngozi yako. Ukishuka bondeni alfajiri, ubaridi unagusa magoti kwanza, halafu vifundo vya mikono pale glavu inapoachana na jaketi, kisha ghafla uko ndani yake wote, kwa sababu hewa baridi ni nzito na usiku kucha imetiririka kujikusanya chini. Ukipanda upande wa pili, joto linarudi kwenye kona moja tu, unajua hasa ni ipi. Unanusa majani yaliyokatwa kabla hujamwona aliyeyakata, na ardhi iliyonyeshewa kabla hujafika ilikonyesha. Mimi haya nayahesabu kuwa mandhari kamili, hata kama hayaingii kwenye picha.

Nisimame wapi?

Pale unapoona mbali pande zote mbili na madereva wengine wanakuona. Usisimame ndani ya kona, wala mara tu baada yake, wala juu ya kilima ambapo gari linaibuka ghafla. Mahali pazuri zaidi pa kutazamia mara nyingi ndipo pabaya zaidi pa kuegesha. Basi pita, egesha mbele pakiwa salama, rudi kwa miguu.

Ukiegesha, angalia stendi. Kwenye udongo laini au lami iliyolainika kwa jua, ncha ya stendi inazama polepole, na pikipiki inaanguka wewe ukiwa umeshika simu unapiga picha. Tafuta jiwe bapa au kipande cha ubao, weka chini ya stendi, kisha itikise pikipiki kidogo kabla ya kuiacha. Kwenye mteremko, ielekeze mbele yake juu, na iache ndani ya gia ya kwanza. Kabla ya kusimamisha, fikiria utaondokaje: kuisukuma pikipiki nzito kinyumenyume kupanda kilima ni kazi ya watu wawili.

Kila baada ya saa moja hivi simama, hata kama hakuna cha kutazama. Shuka kabisa kwenye kiti, tembea, kunywa maji. Dalili ya kuchelewa kusimama ni hii: unakosea gia, au unagundua huikumbuki kona uliyotoka kuipita.

Pikipiki yangu ni ndogo, ya cc 125. Inafaa?

Inafaa sana. Barabara nzuri za kutazama ni za polepole, na hapo pikipiki ndogo haikosi kitu. Ni nyepesi kugeuza, rahisi kuegesha, na inakula mafuta kidogo. Epuka tu barabara kuu ambazo magari yanakuja nyuma kwa kasi usiyoifikia, na kwenye mwinuko mrefu shusha gia mapema badala ya kuikamua injini ikiwa inazubaa.

Nivae nini? Joto likiwa kali je?

Helmeti iliyofunika uso wote na inayobana mashavu, jaketi na suruali zenye vikinga kwenye viungo, glavu, na buti zinazopita kifundo cha mguu. Mtu akianguka, mikono hutangulia kuifikia lami. Ndiyo maana hata kwa mwendo mfupi siwezi kuendesha bila glavu.

Kuhusu baridi, kadiri unavyopanda joto linapungua kwa nyuzijoto 6 na nusu hivi kwa kila mita 1,000, na upepo wa mwendo unaongeza yake. Kwenye nyuzijoto 10, mwendo wa kilomita 80 kwa saa unaufanya mwili uhisi kama nyuzijoto 4. Aliyetoka na fulana kwa sababu chini kulikuwa na jua atafika juu vidole vimekufa ganzi, na vidole hivyo ndivyo vinavyoshika breki. Beba nguo moja ya ziada, nyepesi, isiyopitisha upepo.

Joto kali lina mtego wake. Hewa ikizidi nyuzijoto 35 inakuwa na joto sawa na ngozi au zaidi, na hapo upepo unakupasha badala ya kukupoza. Kufungua jaketi kunakupa nafuu ya muda mfupi, huku jasho likikauka kabla hujalihisi na mwili ukipoteza maji. Baki umejifunika, lowesha fulana ya ndani maji kila unaposimama, na kunywa kabla ya kiu.

Vizibo vya masikio ni vya lazima?

Ningesema ndiyo. Kwa mwendo wa barabara kuu, kelele ya upepo ndani ya helmeti hufika desibeli 100, na kiwango hicho kinaanza kudhuru masikio kwa dakika 15 tu. Madhara hayarudi nyuma. Vizibo vya sponji vinapunguza mngurumo na bado utasikia honi. Jioni utaona tofauti kichwani: sehemu kubwa ya uchovu tunaousingizia safari ni kelele. Kagua tu kama sheria za unakopita zinaviruhusu.

Nikague nini kabla ya kutoka?

Upepo wa tairi, zikiwa bado za baridi, kwa sababu tairi likishapata moto kipimo kinapanda na kukudanganya. Umri wake pia: ubavuni kuna tarakimu nne, mbili za wiki na mbili za mwaka, kwa hiyo 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Breki zote mbili, taa zote, oili, ulegevu wa cheni kama kitabu cha pikipiki yako kinavyosema. Fanya jana yake jioni, si asubuhi ya safari, ili ukikuta tatizo uwe na muda wa kulitatua.

Mafuta, jaza tangi likifika nusu. Kwenye barabara nzuri vituo huwa vichache.

Mvua ikinikuta njiani?

Dakika za mwanzo ndizo mbaya zaidi, hasa baada ya kiangazi, kwa sababu maji yanainua mafuta na vumbi vilivyolala kwenye lami. Ukiweza, simama usubiri barabara ioshwe. Ukiendelea, ongeza nafasi mbele yako, fanya kila kitu kwa ulaini, na epuka mistari ya rangi, vifuniko vya chuma na majani yaliyooza. Radi ikianza, toka kwenye kilele na usijikinge chini ya mti uliosimama peke yake.

Baada ya mvua, usikimbilie nyumbani. Hewa inakuwa imesafishwa, milima ya mbali ambayo asubuhi ilikuwa kivuli tu inaonekana hadi mikunjo yake. Mara nyingi hiyo ndiyo saa bora ya siku nzima.

Nikimbeba mwenzangu?

Mwambie kabla hamjaondoka: asipande wala kushuka mpaka umwambie, miguu ibaki kwenye vikanyagio hata mkisimama, na kwenye kona atazame juu ya bega lako la upande mnakogeukia. Hapo mwili wake utalala na wako bila yeye kufikiria. Ongeza upepo wa tairi la nyuma kama kitabu kinavyoelekeza, na kumbuka breki zitahitaji umbali mrefu zaidi. Yeye ndiye anayetazama mandhari kwa uhuru, basi mkubaliane ishara: akigonga bega mara mbili, ameona kitu na anataka msimame. Msimame kweli.

Kwenda kundi ni bora kuliko peke yangu?

Mkiwa watatu au wanne, ndiyo. Zaidi ya hapo, nusu ya siku inaliwa na kusubiriana. Msifuatane kwenye mstari mmoja mlionyooka: wa kwanza akae upande mmoja wa njia yenu, wa pili upande mwingine sekunde moja nyuma, na anayemfuata moja kwa moja awe sekunde mbili nyuma yake. Kwenye kona, kila mtu mstari mmoja na nafasi kubwa. Asiye na uzoefu awekwe wa pili, na kasi ya wote iwe kasi yake.

Peke yako una uhuru wa kusimama popote na kugeuza wakati wowote, na kwa mpenda mandhari hilo ni kubwa. Ila mwachie mtu njia utakayopita na saa unayotarajia kurudi, pakua ramani kwenye simu kabla ya kutoka kwa sababu mabonde hukosa mtandao, na beba vifaa vya kuzibia pancha ambavyo umewahi kuvijaribu nyumbani.

Simu ifungwe kwenye usukani?

Kwa ramani, sawa, lakini kwa kishikio chenye kizuia mtikisiko. Mwaka 2021 Apple ilitoa tahadhari kwamba mitetemo ya injini za pikipiki zenye nguvu inaweza kuharibu kamera za iPhone. Picha piga ukiwa umesimama.

Wadudu wanaziba kioo cha helmeti. Nakisafishaje?

Usikisugue kikiwa kikavu, utakichora, na mikwaruzo hiyo jua la jioni huigeuza kuwa ukungu mweupe usioona kitu. Weka kitambaa kilicholowa juu yake dakika tano, kisha futa taratibu.

Nirudi kwa njia ile ile?

Watu wanapenda mzunguko, na mimi pia, lakini usiidharau njia ile ile. Jua limehama upande, mlima uliouona mgongo asubuhi sasa unakuonyesha uso, na kona unazijua. Nimeona mambo mengi wakati wa kurudi ambayo wakati wa kwenda yalikuwa nyuma yangu tu. Kama mzunguko unakulazimu kumalizia kwa barabara kuu usiku, chagua kurudi ulikotoka.

Ukifika, usiiache pikipiki hivi hivi. Paka cheni mafuta ikiwa bado ina joto, yanapenya vizuri. Osha wadudu na matope kabla havijakauka. Na kabla ya kulala, tia alama kwenye ramani kila mahali ulipopita ukatamani kusimama na hukuweza, pamoja na sehemu ya karibu inayofaa kuegesha. Safari ijayo ianze na orodha hiyo.